Mikono ya Bi Kisirani

Hakuna neno lililomchosha Bi Kisirani kama neno "shukuru". Mumewe alilisema kila asubuhi huku akitafuta miwani yake ya kusahihishia madaftari ya wanafunzi. Kaka yake alilisema kwenye simu. Jirani yao, mama mmoja asiyejua ndege inaanzia wapi na inaishia wapi, alilisema juu ya ukuta huku akianika nguo: "Si umepata kazi tena, mama? Shukuru!" Ashukuru nini? Mtu amekuwa kapteni tangu nywele zake zote ni nyeusi, leo anaambiwa wewe ni rubani msaidizi, kaa upande wa kulia, subiri uambiwe, halafu ashukuru! Jamani, hata shukrani ina mipaka yake.

Jina la Bi Kisirani alipachikwa na marubani wenzake kwenye kampuni yake ya zamani, kwa sababu alikuwa akiikagua ndege huku ananung'unika kuanzia pua mpaka mkia. Hakuwahi kulichukia. Rubani wa kuchekacheka na matairi alimwona hana akili, na alimwambia hivyo usoni.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo. Ndege zake zilikuwa zile za panga boi, zinazonguruma mpaka maji yanatetemeka kwenye glasi, na kazi yao ilikuwa kupeleka watu kwenye miji midogo ambako ndege kubwa haziwezi kutua. Mwenyekiti wao alikuwa hodari wa maneno. "Sisi si kampuni, sisi ni familia," aliwaambia kila mwisho wa mwaka, nao wakapiga makofi kama majuha. Ndege moja ikiharibika, kifaa kinang'olewa kwenye nyingine kinafungwa hapo, na ile iliyong'olewa inabaki inashangaa. Ukiuliza, Mwenyekiti anakupiga begani: "Kwani kuna aliyeumia? Hakuna aliyeumia. Twende kazi." Wakaenda kazi, mpaka asubuhi moja wakakuta geti limefungwa kwa mnyororo, na mfilisi, bwana mmoja mpole aliyevaa koti lililomzidi, amesimama hapo akiwaomba vitambulisho vyao. Mwenyekiti alipigiwa simu hakupatikana. Familia gani hiyo ambayo baba ndiye anayekimbia wa kwanza?

Kampuni kubwa ikazichukua njia za ile miji midogo. Njia, si ndege. Kwa upande wa ndege, ilisema ina zake mpya. Zile za zamani zikaachwa mwisho wa uwanja, kwenye majani, injini zimefunikwa maturubai. Mfilisi akaamuru jina la kampuni lifutwe ubavuni, na aliyepewa kazi hiyo akapaka rangi nyeupe kivivu, herufi bado zinaonekana kwa chini. Ndege namba tatu, aliyoipenda Bi Kisirani kuliko zote, ilikwisha kunyofolewa panga zote mbili na mlango wa mbele. Kila asubuhi alipita karibu nayo akiwa ndani ya ndege ya wengine, na kila asubuhi alitazama upande wa pili.

Na kwenye kazi ya urubani kuna uonevu ambao watu wa nje hawauelewi. Daktari akihama hospitali anabaki daktari. Mwalimu akihama shule, kama mumewe Bi Kisirani alivyohama, anabaki mwalimu. Rubani akihama kampuni anaanza mkiani, hata kama amerusha ndege maisha yake yote, kwa sababu kiti cha kushoto, cha kapteni, hupewa aliyetangulia kuingia kwenye kampuni ile. Bi Kisirani aliingia wa mwisho. Na hapo alikuwa mwenye bahati, maana wenzake wengi walimwaga unga moja kwa moja. Mmoja alikwenda kurusha ndege za mizigo jangwani huko mbali, mkewe anamwona kwenye simu tu. Mwingine, mcheshi wao, alikuwa sasa dalali wa nyumba. Wengine walikuwa bado wanasubiri kuitwa, na kampuni haikumficha Bi Kisirani: yuko kwenye majaribio, na akiteleza kiti anapewa mwingine. Kwa umri wake, hakuna kampuni nyingine ambayo ingemtazama mara mbili. Akiteleza hapa, amemaliza kuruka.

Hayo yote angeyameza. Lililomkwama kooni ni Kijiti.

Kijiti alikuwa mtoto wa kaka yake, mwembamba tangu utotoni, na jina likamganda. Bi Kisirani ndiye aliyemfundisha kazi. Kwenye chumba cha rubani kuna sheria moja isiyo na mjadala: usukani haushikwi na watu wawili. Anayeuchukua anasema, "Ndege yangu," na anayeuacha anajibu, "Ndege yako." Tena rubani msaidizi hauchukui mpaka kapteni ampe, labda kapteni awe amezimia. Siku moja, Kijiti bado mwanafunzi, aliingiwa na hofu ndege ikiwa karibu na ardhi, akaudaka usukani kimya kimya. Bi Kisirani akamfelisha bila kupepesa macho. Kijana alilia, baba yake akamnunia dada yake hata kwenye harusi ya ndugu yao, lakini Kijiti alirudia mafunzo, na hakurudia kosa.

Baadaye, minong'ono ya kampuni kuyumba ilipoanza, Kijiti alifunga virago akaenda kampuni kubwa. Shangazi yake alimwita msaliti, na hakumwita chemba. Alimwita msaliti mezani, ukoo mzima umekaa. Sasa msaliti alikuwa kapteni mkufunzi, na ndiye aliyepangiwa kuruka na shangazi yake na kusema kama anafaa au hafai.

Bi Kisirani alikwenda kwa Mkuu wa marubani kuomba abadilishiwe. Mkuu alikuwa mtu wa kukaa kimya mpaka uliye mbele yake aseme zaidi ya alivyokusudia.

"Kuna tatizo la kifamilia?" aliuliza mwishowe.

"Hakuna tatizo lolote," alijibu Bi Kisirani, akatoka. Jeuri yake mwenyewe! Alijilaani mpaka kwenye ngazi.

Basi wakaanza. Chini ya ndege, Kijiti alimwambia, "Shikamoo, shangazi," na yeye akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Wakishapanda na kufunga mikanda, mambo yanageuka. "Rubani msaidizi, soma orodha," anasema Kijiti kwa sauti ya kazi, na shangazi mtu anasoma orodha ya ukaguzi: mafuta, breki, taa, kama msichana wa shule. Desturi ni kwamba aliyeketi kushoto anaitwa Kapteni. Bi Kisirani alishindwa. Neno lilifika kwenye meno likarudi. Alimwita "wewe", alimwita "mwenzangu", siku nyingine alikohoa tu.

Na mikono nayo ilimsumbua. Aliyekaa kushoto huushika usukani kwa mkono wa kushoto, na wa kulia uko kwenye vishikio vya injini katikati. Ukihamia kulia, kila kitu kinageuka. Mikono iliyozoea upande mmoja maisha yote haisikii hotuba. Alifanya mazoezi nyumbani, amekaa kwenye kiti cha meza ya chakula, mwiko mkono wa kulia, mkono wa kushoto unasukuma kopo la sukari mbele na nyuma.

"Tunaelekea wapi leo?" aliuliza mumewe, akiingia na madaftari yake.

"Tunaelekea kaburini. Niache."

"Mke wangu, wewe shukuru tu kwamba..."

"Ukilimalizia hilo neno nakutupia mwiko."

Mumewe akachukua madaftari yake akaenda kusahihishia chumbani.

Siku ya safari ya mwisho ya kupimwa walipangiwa mji wa mlimani. Uwanja ule Bi Kisirani aliujua kuliko sebule yake. Upepo wake una tabia mbaya: unajificha nyuma ya mlima, unasubiri ndege ishuke, halafu unaipiga ubavuni magurudumu yakikaribia kugusa. Kwenda ilikuwa zamu ya Kijiti kurusha, kurudi ingekuwa ya shangazi yake. Kazi yake wakati wa kutua ilikuwa kutazama vipimo na kutaja kasi na kimo kwa sauti, basi.

Alitaja. Alitaja vizuri, sauti imetulia. Kijiti akaishusha ndege, paa za mabati zikapita chini yao, njia ya kutua ikawa pana mbele ya kioo, na upepo ukaja kama unavyokuja siku zote. Ndege ikalala upande, ikazama. Kijiti akaanza kuirekebisha, na ukweli usemwe, aliirekebisha sawasawa. Lakini kabla akili ya Bi Kisirani haijaamua lolote, mdomo ulikwisha kusema.

"Ndege yangu!"

Na mikono ilikwisha kushika.

Kapteni yeyote mwingine angemfokea atoe mikono yake. Kijiti, aliyefunzwa na sauti hiyohiyo tangu hajaota ndevu, aliuachia usukani palepale kama aliyeguswa na moto.

"Ndege yako, Kapteni."

Ikawa yake. Akainyoosha, akaituliza, magurudumu yakagusa lami taratibu, la kwanza, la pili, kisha la mbele. Nyuma abiria wakapiga makofi. Bi Kisirani alisikia furaha ambayo hakuisikia tangu geti lile lifungwe kwa mnyororo, furaha tupu, ya kitoto, ikamjaa mpaka masikioni. Halafu akatazama mikono yake, akakumbuka amekaa upande gani.

Waliifikisha ndege kwenye maegesho. Injini zilipozimwa, mhudumu wa abiria alichungulia mlangoni, anacheka. "Leo mmetua kama mnaweka yai mezani! Nani huyo, nimwambie abiria wangu?" Akawatazama mmoja mmoja, akarudi nyuma kuteremsha watu.

"Shangazi," alisema Kijiti.

"Nini?"

"Umefanya nini?"

"Na wewe je? Umeachia kwa nini?"

"Sijui! Umesema, nimeachia."

"Mimi nani hata niseme uachie? Wewe ndiye umepewa ndege hii! Ningekuwa nimekosea je? Ningekuwa nimepatwa na kichaa, ungenipa tu?"

"Wewe si mtu mwingine, shangazi. Wewe ni wewe."

Bi Kisirani alitaka kumfinya sikio, papo hapo, na alama zake za ukapteni mabegani. Alitaka pia kujifinya mwenyewe. Kosa lilikuwa la wawili na lilikuwa la aina moja: mmoja alisahau kwamba si kapteni tena, mwingine alisahau kwamba ndiye.

Kijiti alitazama nje, kwa watu wanaoshusha mabegi. Alisema polepole kwamba kampuni ikijua, shangazi ataondolewa leo hii, na yeye atavuliwa ukufunzi, pengine na kiti chenyewe. Akasema hakuna aliyeona. Mhudumu mwenyewe amesifia.

"Hakuna aliyeumia," alisema.

Bi Kisirani alifumba macho. Na msimdhanie malaika: alitaka kukubali. Alitaka kwa moyo wake wote. Angesema sawa, mwanangu, tumwachie Mungu, na jioni ile angekuwa amepasishwa, rubani kamili wa kampuni kubwa, na angeendelea kuruka mpaka umri wa kustaafu. Nani angedhurika? Lakini maneno yale aliyajua. Aliyasikia kwa kinywa cha mtu mwingine, mwenye mkono begani mwake, miaka na miaka, na kila mara aliyasikia akaenda kazi.

"Namba tatu nayo haikumuumiza mtu," alisema. "Kaitazame ilivyo sasa, kule kwenye majani."

"Shangazi, watakuondoa."

"Najua."

"Na mimi watanishusha."

"Najua! Unadhani sijui? Unadhani mimi napenda?" Sauti ilimkatika, na hilo lilimuudhi kuliko yote. Alitoa leso, akapenga kamasi kwa kelele. "Utarusha wewe kurudi. Mimi nitasoma vipimo. Tukifika tunakwenda kwa Mkuu, na ukijaribu kunitetea nitakuvua nguo mbele yake, nimekwambia."

Walirudi hivyo. Njia nzima aliikalia mikono yake kama mtoto anayesubiri adhabu.

Ofisini kwa Mkuu waliongea wote kwa pamoja. Yeye alisema, "Nilimnyang'anya." Kijiti alisema, "Nilimpa." Yeye akasema mtoto hana kosa. Kijiti akasema yeye si mtoto. Mkuu alikaa kimya kama kawaida yake, na safari hii wao wenyewe wakaishiwa maneno.

"Kwa nini mmekuja?" aliuliza.

"Kwani ulitaka tusije?" alifoka Bi Kisirani, kisha akajuta.

Mkuu aliwatoa nje, wakakaa kwenye benchi la korido kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Alipowaita tena alisema kwa ufupi. Kijiti si mkufunzi tena. Atabaki kapteni akiangaliwa. Bi Kisirani atapimwa mara moja tu kwenye mashine ya mazoezi, ile yenye chumba cha rubani cha bandia, upepo uleule, kutua kulekule, na anayeketi kushoto atakuwa Kijiti. "Mikono yako ikienda isikotakiwa," alisema, "utaniachia kitambulisho mlangoni."

Jioni kaka yake alipiga simu. Hakusema shukuru. Alisema umemharibia mwanangu mara ya pili, una roho gani wewe, na akakata kabla hajajibiwa. Bi Kisirani alibaki ameishika simu. Mumewe alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kumwekea chai. Kwa mara ya kwanza mwaka ule Bi Kisirani alimpenda bila kinyongo.

Mashine ilikuwa ndani ya ukumbi mkubwa, imesimama juu ya miguu ya chuma, inayumba na kunesa kama ndege ya kweli. Ndani kulikuwa na viti vyote viwili, vipimo vyote, na nyuma yao mpimaji, mwanamke kijana mwenye sauti kavu. Bi Kisirani aliingia wa kwanza, akaenda moja kwa moja, akaketi. Kijiti alisimama nyuma yake akisubiri. Hapo Bi Kisirani akagundua ameketi kushoto. Hata kabla ya kuanza! Mpimaji alikohoa. Bi Kisirani aliinuka, akajipenyeza, akahamia kulia bila kumtazama mtu.

Mji wa mlimani ukaja kwenye kioo, na paa zake na njia yake. Kijiti anarusha. Yeye anataja kasi, anataja kimo. Mikono yake aliibana kwenye magoti, vidole vimezama kwenye nyama. Upepo ukaja. Mpimaji hakuwa na huruma, aliuzidisha. Ndege ikalala, ikazama, na Kijiti safari hii alichelewa kidogo, kidogo tu, kwa sababu na yeye alikuwa anaogopa, na nusu ya masikio yake ilikuwa inaisikilizia sauti ya upande wa kulia.

Bi Kisirani aliona yote. Aliona pua inatakiwa ishuke kiasi gani na mguu ukanyage wapi. Mdomo ulijaa neno. Aliuma ulimi.

"Kasi inapungua," alisema. Ndiyo kazi yake. "Kasi bado inapungua. Ongeza."

Kijiti akaongeza. Magurudumu yakagonga, ndege ikaruka juu kama mpira, ikagonga tena, ikayumba, ikashika njia, ikasimama. Kutua kwa ovyo. Kutua ambako yeye, kwenye kiti chake cha zamani, angemwekea mwanafunzi hotuba ya nusu siku. Mikono ya Bi Kisirani ilikuwa bado iko magotini, imekufa ganzi.

"Safi," alisema mpimaji kutoka nyuma. "Amepita."

"Safi kitu gani?" Alishindwa kujizuia. Aligeuka kushoto. Kijiti alikuwa ameloa jasho mpaka kola, anamtazama kwa macho yaleyale ya siku aliyofelishwa.

"Umetua vibaya, Kapteni," alimwambia.

Ilikuwa mara ya kwanza Kijiti kuitwa hivyo na yeye.

"Nimetua vibaya, shangazi."

"Humu ndani hakuna shangazi. Niambie nisome orodha."

Kijiti alijifuta uso kwa kiganja, akakaa sawa.

"Soma orodha," alisema.

Bi Kisirani akavaa miwani, akaisoma.